Nani Atakusainia Pasipoti ya Kwanza ya Uingereza? Mwongozo Kamili wa Kumpata Mthibitishaji

Jirani yangu mmoja hapa Leicester tunajuana mwaka wa tisa huu. Tumekaa pamoja misibani, tumepokezana watoto kutoka shule, na kila Ramadhani sahani zinavuka uzio. Siku nilipompelekea fomu yangu ya pasipoti ya Uingereza athibitishe kuwa ananijua, alikaa na kalamu mkononi, akanitazama, akauliza: "Hivi wewe jina lako hasa nani?" Miaka yote hiyo nilikuwa Mama Nassor.

Tulicheka, nikamtolea cheti changu cha uraia, akanakili jina herufi kwa herufi. Tangu hapo nimekaa na watu wengi kwenye meza ya jikoni kwangu kujaza fomu hizi, na kikwazo ni kilekile. Watu hukimbilia kutafuta mkubwa: daktari, wakili, mbunge. Ofisi ya Pasipoti haitafuti mkubwa. Inatafuta mtu anayeijua sura yako na jina lako, asiyekula chungu kimoja na wewe, mwenye kazi au cheo kinachoweza kuulizwa. Mtu huyo mara nyingi tayari unaye kwenye simu yako. Tatizo ni kwamba wewe hujui kazi yake, na yeye hajui jina lako la kwenye vyeti.

Kwenye fomu na kwenye barua utaliona neno countersignatory. Mitaani tunasema "mtu wa kukusainia pasi". Humu nitamwita mthibitishaji.

Unamhitaji kweli?

Pasipoti ya kwanza ya mtu mzima, yaani kuanzia miaka 16, inamhitaji. Haijalishi umeishi Uingereza miaka mingapi wala kwamba uliapa juzi mbele ya picha ya Mfalme. Wanaohitaji vilevile ni mtoto anayepata pasipoti ya kwanza, mtoto wa miaka 11 au chini yake anapohuisha, aliyepoteza au kuibiwa pasipoti, ambaye yake imeharibika, na mtu mzima aliyebadilika sura hata hatambuliki kwa picha ya zamani. Kuhuisha kwa kawaida hakuna shughuli hiyo, kwa hiyo kazi hii ukiifanya vizuri mara moja huenda usiirudie maishani.

Kuna sababu ya kuifanya vizuri. Ukishakuwa raia, kibali chako cha ukaazi kimekwisha kazi yake. Huwezi tena kukitegemea kwa kusafiria. Na zile huduma za kulipia za kupata pasipoti kwa haraka haziwahusu wanaoomba ya kwanza wakiwa watu wazima. Mthibitishaji asiyefaa akikukwamisha wiki tatu, hakuna dirisha la kulipia uruke foleni. Usikate tiketi ya kwenda nyumbani kabla pasipoti haijatua mlangoni, hata kama harusi ni ya dada yako wa tumbo moja.

Masharti, na maana yake kwetu

Kwa anayeomba akiwa ndani ya Uingereza, mthibitishaji lazima awe:

- amekujua kwa miaka miwili au zaidi;
- anakujua kama rafiki, jirani au mfanyakazi mwenzio, si kwa kukuhudumia tu kikazi;
- ana kazi iliyomo kwenye orodha inayotambuliwa (au amestaafu kazi hiyo), au ni mtu mwenye hadhi njema katika jamii yake;
- anaishi Uingereza na ana pasipoti ya Uingereza au ya Ireland ambayo muda wake haujaisha.

Na asiwe ndugu yako wa karibu kwa damu wala kwa ndoa, asiwe mpenzi wako, asiwe anaishi anwani moja na wewe, na asiwe mfanyakazi wa Ofisi ya Pasipoti yenyewe.

Hapo kwenye undugu ndipo Waswahili tunapoponzeka. Shemeji, wifi, mkwe, mtoto wa mama mdogo: wote hao waache. Kanuni inasema ndugu wa karibu, na mtu anaweza kubishana kuhusu binamu wa tatu, lakini kwa nini ujitafutie maswali? Mtihani mwingine ni maneno yetu ya heshima. Mzee wa mtaani asiye na damu na wewe hata tone anakubalika, lakini wewe unamwita mjomba na yeye anakuita mpwa wangu. Ofisi wanaweza kuwasiliana na mthibitishaji kuhakiki alichosema. Mzee akipigiwa simu na kujibu kwa Kiingereza chema kwamba wewe ni mpwa wake, hakuna wa kumweleza mpokeaji simu kwamba Pwani kila mzee ni mjomba. Mwambie mapema: "Ukiulizwa, sema sisi ni majirani."

Anwani moja nayo huwagusa wengi, maana wengi wetu tulianza maisha hapa tukipanga chumba katika nyumba ya watu watano. Mliyepanga naye sasa hafai. Mliyewahi kupanga naye, akahama, anafaa akitimiza mengine.

Halafu kuna imani kwamba mthibitishaji lazima awe mzungu, au awe amezaliwa hapa. Si kweli hata kidogo. Mtu aliyetoka Tanga au Bujumbura, akapata uraia na pasipoti yake ya Uingereza mwaka jana, anasimama sawa na yeyote. Kinachotazamwa ni pasipoti hai, kazi, na kujuana.

Mdhamini wa uraia si lazima afae kwa pasipoti

Hili nalitenga kwa sababu limewakwamisha watu wenye akili zao. Ulipoomba uraia ulitaja wadhamini wawili waliokujua miaka mitatu. Mmoja alitakiwa awe mtaalamu, wa taifa lolote. Wa pili alitakiwa awe na pasipoti ya Uingereza, na akawa ama mtaalamu ama mtu wa zaidi ya miaka 25.

Sasa tazama mtego. Yule wa kwanza anaweza kuwa mhasibu mzuri kabisa mwenye pasipoti ya Kenya: kwenye uraia alifaa, kwenye pasipoti hafai. Wa pili anaweza kuwa na pasipoti ya Uingereza na miaka 50, lakini kazi yake haimo kwenye orodha na huna hoja ya kumweleza kama mtu wa hadhi katika jamii: naye alifaa kule, huku anatiliwa shaka. Ukijikuta na mdhamini mmoja aliyekuwa na yote mawili, taaluma na pasipoti, anza naye huyo. Anakujua kwa jina rasmi tayari, na hiyo ni nusu ya kazi.

Kazi zinazokubalika

Serikali imechapisha orodha ndefu ya kazi. Sitaiandika yote, naipanga kwa mahali watu wetu walipo.

Hospitalini na kwenye nyumba za wazee: muuguzi aliyesajiliwa yumo, wa kawaida na wa afya ya akili. Mfamasia, daktari wa meno, mtaalamu wa miwani, mtaalamu wa miguu, na ofisa wa ustawi wa jamii wamo. Anayefanya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, hayumo, wala msaidizi wa wauguzi. Lakini meneja wa nyumba ya wazee anaweza kuwamo, kwa sababu orodha inamtaja meneja wa kampuni iliyosajiliwa kuwa na dhima ya kikomo (Limited), pamoja na ofisa wa utumishi wake. Kama umefanya kazi mahali pamoja miaka mitatu na meneja ni yuleyule, mtazame kwanza yeye.

Daktari ni habari ya peke yake. Watu humdhani ndiye bora kuliko wote, kumbe hakubaliki ila aseme kwamba anakujua vyema kama rafiki na kwamba anakutambua kwa urahisi kwenye picha. Daktari wa zahanati ya mtaa anayekuona dakika kumi mara mbili kwa mwaka hawezi kusema hivyo kwa ukweli, na wengi wao hukataa ombi hili kabla hujamaliza sentensi. Usipoteze wiki huko.

Shuleni: mwalimu na mhadhiri wamo. Mwalimu wa mwanao unayemwona jioni za wazazi tu anakujua kikazi, kwa hiyo hatoshi. Mwalimu huyohuyo akiwa jirani yako au mwenzio wa timu ya mpira, anatosha.

Maofisini: mhasibu, ofisa wa benki, mtumishi wa kudumu wa serikali, ofisa wa halmashauri ya mji, diwani, wakili, mhandisi mwenye sifa za kitaalamu, mkurugenzi wa kampuni. Wamo pia mwandishi wa habari, polisi, zimamoto, rubani, mpiga picha wa kazi, wakala wa safari mwenye sifa, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, msimamizi wa mazishi, na mwenye leseni ya baa. Naam, baa. Mwenye leseni ya kuuza bia yumo, na kea aliyemwogesha mzee wa watu miaka kumi hayumo. Orodha hii haikutungwa na mimi.

Kwenye dini na jumuiya: kiongozi wa dini inayotambuliwa yumo, kwa hiyo imamu, padri na mchungaji wanaingia. Rais au katibu wa chama kinachotambuliwa naye yumo. Jumuiya nyingi za Watanzania, Wakenya na Wakongo mijini zimesajiliwa, na katibu wa jumuiya ndiye hasa anayejua majina rasmi ya watu, kwa sababu ndiye anayeandika michango ya msiba.

Waliostaafu nao wanahesabiwa. Hapa Leicester kuna wazee wengi wenye asili ya Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengine waliotoka Kenya. Wapo waliokuwa wafamasia na wahasibu, wana pasipoti za Uingereza tangu zamani, na Kiswahili chao bado kinanukia Kampala na Kisumu. Mmoja amemsainia rafiki yangu baada ya kujuana miaka minne kwenye foleni ya mboga na kisha kwenye bustani za mtaa.

Orodha yenyewe inasema si kamili, ni mifano. Kazi isiyotajwa si lazima ikataliwe. Ila kama una watu wawili mbele yako, mmoja yumo waziwazi na mwingine inabidi uandike maelezo, hakuna haja ya kujaribu bahati.

Msako wenyewe

Chukua daftari. Fungua namba za simu yako na uzipitie kuanzia A, moja moja. Usianze na "nani mkubwa namjua". Kila uliyemjua kabla ya miaka miwili iliyopita, na anaishi Uingereza, muandike. Utashangaa orodha itafika watu 30 au 40. Kisha kata ndugu, wakwe, na mnaoishi nao. Wanaobaki, waandikie mbele yao mambo mawili: kazi, na pasipoti gani.

Sehemu kubwa ya nafasi za kazi itabaki wazi. Tunajua mtu ametoka kijiji gani, anamuuguza nani, gari lake linasumbua nini, lakini kazi yake tunasema "yuko kwenye maofisi". Kumuuliza mtu kazi yake kwetu kunaonekana kama kumpekua mfuko. Nilikuwa na dada mmoja aliyehangaika miezi miwili akitafuta mtu, na kila Jumapili alikuwa akikaa kiti kimoja na mhasibu aliyesajiliwa. Alidhani yule anauza vitenge, kwa sababu kila akimwona ana vitenge vya kuuza.

Kwa hiyo uliza. Sema unachotafutia: "Natafuta mtu wa kunithibitishia pasi, samahani sana, wewe unafanya kazi gani siku hizi?" Ukisema sababu, swali halina ubaya. Usiliweke kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, maana utajibiwa na watu waliojiunga mwezi uliopita na mmoja atakayekuambia anajua mtu anayesaini kwa paundi 50.

Huyo wa paundi 50 mkimbie. Mthibitishaji anatamka kwamba anakujua kwa miaka miwili, na wewe unatamka vilevile. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata pasipoti ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1925 ambayo bado inatumika, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Kwa mtu aliyetoka kupata uraia juzi, hilo si jambo la kuchezea.

Ukishapata majina matatu yanayofaa, panga wa kwanza, wa pili na wa akiba. Wa kwanza awe yule anayejibu simu. Nasema hivi kwa uchungu: nimeona maombi yaliyokaa mwezi mzima kwa sababu mthibitishaji alikuwa mtu wa heshima sana, mwenye shughuli sana, na hafungui baruapepe.

Namna ya kumwomba

Mwombe kwa simu au ana kwa ana, kisha mfuatishie maandishi ili awe na maelezo mkononi. Ujumbe kama huu unatosha:

"Assalaam alaykum Mwalimu, habari za nyumbani. Ni kuhusu lile ombi langu. Naomba pasipoti yangu ya kwanza ya Uingereza, natakiwa kumtaja mtu asiye ndugu anayenijua zaidi ya miaka miwili, athibitishe kuwa picha ni yangu na jina ni langu. Mimi na wewe tunajuana tangu 2019. Jina langu kamili kama lilivyo kwenye cheti nimeliandika hapa chini, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Utahitaji kuwa na pasipoti yako ya Uingereza au ya Ireland ambayo haijaisha muda. Hakuna malipo wala deni lolote utakalobeba kwa ajili yangu. Ikiwa kuna kizuizi, niambie tu, sitakwazika."

Sentensi ile ya deni usiiondoe. Neno mdhamini limewatia watu hofu, kila mmoja ana kisa cha aliyemdhamini mtu mkopo akaachiwa mzigo. Mthibitishaji wa pasipoti anawajibika kwa ukweli wa maneno yake, basi.

Jambo la pili la kumuuliza, tena bila haya: "Naomba uitazame pasipoti yako inaisha lini." Si "unayo pasipoti?", kwa sababu kila mtu atasema anayo. Mwambie aifungue aisome tarehe. Nilishawahi kumwona mtu akisaini kwa nia njema yote, kumbe pasipoti yake imekufa miezi mitano nyuma na hajasafiri tangu mwaka ule.

Jambo la tatu ni jina. Muandikie lote, kwa mpangilio wa kwenye cheti. Wengi wetu tuna majina matatu au manne, na huku moja hugeuka la ukoo bila sisi kupenda. Kuna Salim Juma Hamad ambaye kazini ni Mr Hamad, msikitini ni Salim, na nyumbani ni Baba Rukia. Mthibitishaji akiandika "Salim Juma" wakati cheti kinasema majina matatu, umejipa kazi ya kueleza. Tukiwa hapohapo: Ofisi ya Pasipoti inataka utumie jina moja kwenye hati zako zote, pamoja na pasipoti ya nchi nyingine kama bado unayo. Wakenya wanaruhusiwa uraia pacha tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo wengi wao wanazo mbili. Kama ya Kenya ina jina la kabla ya ndoa na cheti cha uraia kina la ndoa, limalize hilo kwanza kabla hujamsumbua mtu akusainie. Mtanzania mzima akichukua uraia mwingine hupoteza ule wa Tanzania, lakini pasipoti yake ya zamani, aliyoingilia Uingereza, bado huhitajika kama ushahidi wa maombi, asiitupe.

Ukiomba mtandaoni

Njia hii ni rahisi na ada yake ni ndogo kuliko ya fomu ya karatasi. Unajaza maombi, unapakia picha ya kidijitali, unalipa, kisha unaandika jina na baruapepe ya mthibitishaji wako. Yeye anatumiwa ujumbe wenye kiungo, anafungua, anaonyeshwa picha yako na kujibu maswali: anakujua vipi, tangu lini, anafanya kazi gani. Awe na pasipoti yake karibu wakati huo. Hakuna karatasi anayosaini, wala hakuna picha ya kugeuza nyuma.

Kila kitu kinaning'inia kwenye ile baruapepe. Usiiandike kwa kusikia simuni. Mwombe akutumie ujumbe mmoja mfupi kutoka anwani hiyo, kisha uinakili kutoka hapo. Kwa wazee kuna jambo jingine: anwani ilifunguliwa na mwanawe mwaka 2012, na nywila anayo mwanawe anayeishi Manchester. Thibitisha kwamba mwenyewe anaweza kuifungua. Siku utakayotuma maombi mpigie, mwambie atazame pia kwenye folda ya taka, na usichoke kumkumbusha kwa adabu baada ya siku mbili. Maombi yako hayaendi mbele mpaka amejibu.

Ukitumia fomu ya karatasi

Fomu zinapatikana kwenye posta. Chukua mbili, mtu akikosea kwenye sehemu ya sahihi, utashukuru unayo nyingine. Jaza sehemu zako zote na utie sahihi yako kabla ya kumpelekea, kwa wino mweusi na herufi kubwa, ndani ya visanduku.

Yeye anajaza sehemu ya 10: jina lake, anwani, kazi, namba ya pasipoti yake, amekujua miaka mingapi. Kisha anachukua moja ya zile picha mbili zinazofanana, moja tu, na nyuma yake anaandika kwa Kiingereza maneno haya: "I certify that this is a true likeness of", akifuatisha cheo na jina lako kamili, mathalani Mrs Mwanaisha Ali Bakari, halafu sahihi na tarehe. Maneno hayo hayatafsiriwi wala kufupishwa. Aandike taratibu kwa kalamu isiyovuja na aache wino ukauke kabla picha mbili hazijalaliana, vinginevyo wino wa nyuma ya moja unahamia usoni pa nyingine.

Picha ziwe zimepigwa ndani ya mwezi mmoja. Hijabu au kilemba cha dini kinaruhusiwa mradi uso wote unaonekana. Na upige picha ukiwa vile mthibitishaji anavyokujua. Kama amekuona miaka yote na ndevu, si wakati wa kunyoa.

Mpelekee fomu mwenyewe, ukae naye wakati anaandika, utoke na karatasi zako. Fomu iliyoachwa "nitaijaza jioni" nimeshaiona ikirudi na alama ya kikombe cha chai.

Wakikukatalia, au usipompata mtu

Ofisi wakiona mthibitishaji hatoshi, hukuandikia na kukutaka umlete mwingine. Hapo ndipo yule wa pili kwenye daftari lako anapofanya kazi. Usibishane nao kwa barua ndefu, badilisha mtu.

Kama umehamia mji mpya na kweli huna mtu, rudi nyuma kijiografia. Mthibitishaji wa mtandaoni si lazima muishi mji mmoja. Jirani wa Glasgow uliyeachana naye mwaka juzi bado anakujua. Meneja wa kazi ya zamani bado anakujua. Na ikiwa hata hapo hakuna, piga simu ya ushauri ya Ofisi ya Pasipoti, 0300 222 0000, uwaeleze hali yako kabla ya kulipa, si baada.

Baada ya hatua hii unaweza kuitwa kwenye mahojiano, kwa video au kwenye kituo chao. Ni maswali ya kuhakikisha wewe ndiye wewe: ulizaliwa wapi, umeishi anwani zipi. Kama karatasi ni zako, hakuna cha kukariri.

Anayeomba kutoka nje ya Uingereza

Kuna waliozaliwa Mombasa au Dar es Salaam na mzazi Mwingereza, na wanaomba pasipoti yao ya kwanza wakiwa hukohuko. Kwao mlango ni mpana zaidi: mthibitishaji anaweza kuwa na pasipoti ya Uingereza, Ireland, nchi ya Umoja wa Ulaya, Marekani, au nchi ya Jumuiya ya Madola. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Maana yake mwalimu wa sekondari wa Kisauni mwenye pasipoti ya Kenya iliyo hai, aliyekujua miaka miwili, anafaa kabisa. Ataambatanisha nakala ya rangi ya ukurasa wenye picha yake. Burundi, Kongo na Oman hazimo kwenye Jumuiya hiyo, kwa hiyo anayeomba kutoka Muscat asitegemee rafiki mwenye pasipoti ya Oman. Amtafute muuguzi Mkenya au mhandisi Mtanzania anayefanya kazi hapohapo.

Na wewe ukiombwa

Pasipoti ikishafika, habari huenea. Utapigiwa simu. Kabla hujasema ndiyo, jiulize: namjua miaka miwili kweli, au miwili ya kuhesabu na ile ya kusikia habari zake? Kazi yangu imo? Tuna undugu ambao mama yangu anaujua na mimi siujui? Kwa mtoto wa chini ya miaka 16, unayetakiwa kumjua miaka miwili ni mzazi aliyetia sahihi fomu, lakini picha unayoithibitisha ni ya mtoto, basi mwombe mzazi amlete umwone kwa macho yako.

Kisha muulize jina lake la kwenye cheti. Mimi nilipoombwa na yule jirani yangu mwaka jana, kwa pasi ya mwanawe wa mwisho, ndipo nilipojua kwamba Bi Kidude wetu wa nyumba ya nne anaitwa Theresia.